Supamaketi Ikihama, Jumba la Maduka Hubaki na Nani?

*Nakumatt iliondoka. Shoprite ikaja, nayo ikaondoka. Kisha ikaingia Carrefour. Yaliyoipata City Mall ya Nyali yanaeleza kwa nini majumba ya maduka huyumba, na pesa za mkazi wa Kisauni huishia wapi.*

Rafu ndizo zilizotoa habari kwanza. Mwaka 2017, kabla kesi za madeni hazijajaa mahakamani, aliyeingia na toroli katika tawi la supamaketi ya Nakumatt alijionea mwenyewe: bidhaa ya aina moja, aghalabu karatasi za chooni au chupa za maji, imepangwa safu moja ukingoni mwa rafu ili kuziba utupu ulioko nyuma yake. Unga haupo, mafuta ya kupikia hayapo. Wasambazaji walikuwa wameacha kuleta mali kwa kuwa hawalipwi.

City Mall, jumba la maduka lililoko Nyali kando ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, lilikuwa miongoni mwa majumba mengi nchini yaliyomtegemea mpangaji huyo mmoja. Wimbi la kufungwa kwa matawi ya Nakumatt lilipofika Pwani, nafasi kubwa kuliko zote ndani ya jumba ikabaki wazi. Kwa maduka madogo yanayoizunguka nafasi ya namna hiyo, pengo kama hilo huwa na maana moja: watu wanaopita mbele ya mlango wanapungua kuanzia siku ya kwanza, lakini kodi haipungui.

Mpangaji anayebeba wenzake

Jumba la maduka si mtaa wa maduka. Biashara Street, kisiwani Mombasa, ulikua duka baada ya duka, kila mwenye duka na mteja wake wa leso, kitambaa au kikoi. Mmoja akifunga, jirani yake huenda akauza zaidi. Jumba hujengwa kwa hesabu nyingine. Mwenye jengo humtafuta kwanza mpangaji mkuu, karibu kila mara supamaketi, kwa sababu jina lake huwavuta wapangaji wengine na kuishawishi benki kwamba mkopo wa ujenzi utalipika.

Mpangaji huyo hupewa masharti mepesi. Kwa kila futi mraba hulipa kodi ndogo kuliko duka la viatu lililo hatua chache kutoka mlango wake, na tofauti huwa kubwa. Punguzo hilo ndilo ujira wake kwa wateja anaowaleta. Wa viatu naye hukubali kodi ya juu kwa kuwa anachokodi hasa si kuta nne, bali nafasi ya kuonwa na aliyekuja kununua sukari.

> Mwenye duka dogo hulipa kodi ya juu ili apate wateja wa jirani yake. Jirani akihama, kodi hubaki pale pale.

Mtindo huu ulianzia Marekani. Southdale Center, lililofunguliwa mwaka 1956 katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, kwa michoro ya msanifu Victor Gruen, ndilo huhesabiwa kuwa jumba la kwanza la maduka lililoezekwa lote na kuwekwa viyoyozi. Nchini Kenya, Sarit Centre ya Westlands, Nairobi, ilifungua milango mwaka 1983. Kisha mambo yakaenda kasi. Ndani ya miaka michache tu ya muongo wa 2010, Nairobi ilipata Thika Road Mall, Garden City na Two Rivers, na miji mingine ikafuata. Nakumatt ilikuwa nyuma ya sehemu kubwa ya upanuzi huo, ikifungua matawi kwa mikopo na kwa mali ya wasambazaji ambayo haijalipiwa.

Nakumatt hadi Carrefour

Nakumatt ilianza kama biashara ya magodoro mjini Nakuru na ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, deni lake likiwa limevuka shilingi bilioni 30. Miaka miwili baadaye wadai wake walipiga kura ivunjwe.

Aliyeingia City Mall baada yake alikuwa Shoprite wa Afrika Kusini, ambaye tawi lake la kwanza nchini lilifunguliwa Westgate, Nairobi, Desemba 2018. Kuna kinaya kidogo hapa. Mwaka 2014 Shoprite iliondoka Tanzania na kuyauza maduka yake kwa Nakumatt. Sasa ilikuwa inavichukua Kenya vyumba vilivyoachwa na Nakumatt hiyo hiyo. Kampuni kubwa za rejareja zilikuwa zikipokezana sakafu, kila moja ikiamini kwamba kosa lilikuwa la mwenzake.

Shoprite haikudumu. Mwaka 2020 ilifunga tawi la Nyali, na kufikia mwanzo wa 2021 ilikuwa imefunga yote manne iliyokuwa nayo nchini. Iliingia ikiwa imechelewa, na matawi manne ni machache mno kubeba gharama ya maghala, malori na ofisi kuu. Kisha janga la korona likaikuta haijasimama. Nafasi ya Nyali ilichukuliwa na Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa Kenya na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai.

Kwa mtazamo wa haraka, hadithi inaishia hapo kwa heri: jumba lilipoteza mpangaji mara mbili na mara mbili likapata mwingine. Yapo majumba nchini ambayo hayakubahatika hivyo, hasa baada ya supamaketi ya Tuskys kuporomoka kuanzia 2020. Hata hivyo, kujaza pengo hakuondoi udhaifu uliolileta. Jumba lililoegemea nguzo moja bado limeegemea nguzo moja, hata nguzo yenyewe ikiwa mpya.

Nusu milioni ng'ambo ya daraja

Maelezo mepesi ya majumba kudorora ni kwamba wanunuzi hawatoshi. Kwa upande huu wa Mombasa, maelezo hayo hayasimami. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, na Nyali 216,577. Jumla yao inapita nusu milioni, zaidi ya watu wanne katika kila kumi. Mvita, yaani kisiwa chenye bandari, Marikiti na ofisi za serikali, ilikuwa na 154,171.

Nyali na Kisauni zilikuwa eneo bunge moja hadi mipaka ilipochorwa upya na kuanza kutumika katika uchaguzi wa 2013. Kihistoria ni ng'ambo moja. Frere Town, iliyoko ng'ambo hiyo, ilianzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kuwa makazi ya watumwa walioachiwa huru. Nyali ilikuwa shamba la mkonge. Daraja la kwanza la kuelea kutoka kisiwani lilifunguliwa mwaka 1931, na daraja linalotumika leo mwaka 1980. Lilipofunguliwa hilo la pili, mji ukavuka kwa kishindo: majumba ya kifahari na hoteli upande wa bahari, na upande wa ndani vyumba vya kupanga vya Mlaleo, Mishomoroni, Mtopanga, Kiembeni na Utange.

Jumba la maduka kando ya barabara ya Malindi limekaa kwenye mshono wa sehemu hizo mbili, ila mara nyingi hulenga moja. Sehemu pana ya kuegesha magari, mikahawa ya kahawa ya bei ya Nairobi na maduka ya nguo zenye nembo huzungumza na mwenye gari wa Nyali, mgeni wa hoteli na aliyekuja likizo Desemba. Hao wapo, ila ni wachache, wanagawanywa na majumba kadhaa yaliyo karibu, na wengi wao ni wa msimu.

Uchumi wa kadogo

Fundi wa ujenzi wa Mtopanga analipwa kwa siku, na matumizi yake ni ya siku. Jioni duka la mtaani humpimia mafuta ya kupikia kwenye chupa aliyokuja nayo, humuuzia sukari robo, majani ya chai ya pakiti ndogo kabisa na kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu kutoka mche mzima. Ikipungua shilingi kumi, huandikwa daftarini. Huo ndio ununuzi unaoitwa kadogo, na hakuna toroli inayoweza kushindana nao. Kwa kila gramu, mnunuzi wa kadogo hulipa zaidi ya anayenunua pakiti kubwa supamaketi; anachopata ni kutolazimika kuwa na pesa zote kwa wakati mmoja.

Ukiongeza nauli ya matatu au tuktuk kwenda na kurudi, unafuu wa bei ya supamaketi huyeyuka. Ndiyo maana wengi wa ng'ambo hii huingia supamaketi mwisho wa mwezi, au karibu na Ramadhani wanaponunua unga wa ngano, tambi na tende kwa wingi.

Mboga, samaki na nguo zina njia yake. Soko la Kongowea, mojawapo ya masoko makubwa ya jumla katika ukanda huu, huamka kabla ya alfajiri: malori ya vitunguu kutoka Tanzania, nyanya kwenye masanduku ya mbao, nazi, maembe kwa msimu wake, na marobota ya mitumba yanayofunguliwa huku wanunuzi wakisukumana kupata nguo za juu. Kodi ya kibanda ni ndogo, bei hupatanwa, na mtaji huzunguka kila siku. Kongowea imejaa matope na msongamano, na malalamiko ya wachuuzi wake hayajawahi kwisha, lakini haijawahi kukosa wateja. Iko mwendo mfupi tu kutoka milango ya vioo ya Nyali, na inashangaza jinsi wajenzi wa majumba walivyoitazama kwa miaka mingi kama kero ya barabarani badala ya mwalimu.

> Kongowea imejaa matope, lakini haijawahi kukosa wateja.

Hata starehe ina mshindani wa bure. Jumapili na sikukuu za Idd, familia za Kisauni humiminika kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, ambako kiingilio hakuna na viazi karai vinauzwa mchangani. Upande wa kisiwani, bustani ya Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019. Katika miji isiyo na bahari, jumba la maduka huuza baridi na mahali pa kutembea. Mombasa upepo hauuzwi.

Mapigo ya mji

Juu ya hayo, mifuko ya Mombasa ilipigwa mfululizo. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Uingereza na nchi nyingine ziliwaonya raia wao dhidi ya kuzuru Mombasa, na hoteli za kaskazini zikafunga au kupunguza wafanyakazi. Mwaka 2017 reli ya SGR ilianza kazi, na agizo la 2019 kwamba shehena ziende Nairobi kwa reli likawagusa madereva wa malori, makarani wa vituo vya makasha, wauza vyakula na mafundi wa magari. Maandamano yalifanyika. Agizo lilibatilishwa Septemba 2022, wakati ambapo wengi walikuwa wameshabadili kazi au kurudi mashambani.

Katikati ya hayo ikaja korona. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, na kuanzia Aprili 8 Mombasa ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Julai. Hoteli zilifungwa wakati ambao City Mall ilikuwa inaelekea kumpoteza mpangaji mkuu wa pili. Kisauni nayo imekuwa na tatizo lake la pekee, makundi ya vijana wenye mapanga, ambayo katika vipindi mbalimbali yamewafanya wenye maduka kufunga mapema na wateja kukimbilia nyumbani kabla ya giza.

Nani abebe hasara

Mpangaji mkuu anapoondoka, mvutano huanza kati ya mwenye jengo na wenye maduka madogo, na kila upande una hoja.

Wenye maduka husema walitia saini kukodi ndani ya jumba lenye supamaketi, na sasa wanadaiwa kodi ile ile ndani ya jumba lisilo nayo. Juu ya kodi kuna ada ya huduma za pamoja, na ushuru wa VAT wa asilimia 16 unaotozwa kwenye pango la biashara. Mikataba mingi pia hupandisha kodi kila baada ya muda uliowekwa, biashara iwe imekua au haikukua. Anayetaka kutoka kabla ya muda huweza kupoteza amana yake, na anayebaki bila kulipa hungoja dalali.

Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inampa mpangaji kinga nzuri: mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi au kumfukuza bila notisi, na kuna mahakama maalumu ya kusikiliza mgogoro. Ila kinga hiyo humfikia hasa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Wanasheria wa wenye majengo wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu mikataba ya majumba mengi huandikwa miaka mitano na miezi mitatu, au sita. Miezi hiyo michache humtoa mpangaji nje ya kinga ya Sura ya 301.

Mwenye jengo naye ana yake. Riba ya benki haingoji supamaketi ipatikane. Taa za vijia, lifti, viyoyozi na pampu lazima viendelee hata nusu ya maduka ikifungwa. Umeme ukikatika jenereta hunywa dizeli, na maji ya mfereji yakikosekana, jambo la kawaida ng'ambo hii, hununuliwa kwa lori. Gharama ya ulinzi iliongezeka kila mahali baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la Westgate la Septemba 21, 2013, lililoua watu 67. Kumpunguzia kodi mpangaji mmoja ni kufungua mlango kwa wote.

Upo upande wa tatu usiotajwa sana, wasambazaji. Mkulima wa mboga au mwoka mikate aliyeidai Nakumatt hakuwa na dhamana yoyote, kwa hiyo alisimama nyuma ya benki katika foleni ya wadai. Tangu hapo sheria ya ushindani imeimarishwa dhidi ya wanunuzi wakubwa wanaotumia vibaya nguvu zao, na Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea wasambazaji wawili. Mamlaka hiyo pia imewahi kuvikataa vifungu vinavyompa mpangaji mkuu haki ya kumzuia mwenye jengo asikodishe kwa mshindani wake. Hilo ni muhimu kwa jumba kama City Mall kuliko linavyoonekana: likiruhusiwa kuwa na maduka mawili ya vyakula, halitabaki uchi moja likihama.

Njia za kujinusuru

Njia ya kwanza, ya kutafuta jina kubwa jingine, ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa City Mall ilifanya kazi. Lakini majina makubwa yanakwisha. Minyororo inayokua sasa, Naivas na Quickmart, imejifunza kumfuata mteja mtaani, karibu na steji za matatu na vyumba vya kupanga, badala ya kumngoja jumbani.

Njia ya pili ni kubadilisha kinachouzwa. Kiatu kinaweza kununuliwa kupitia WhatsApp na kuletwa na bodaboda, lakini jino haling'olewi kwa simu. Kliniki, maabara, benki, ukumbi wa mazoezi, saluni na madarasa ya kompyuta humleta mtu mwenyewe, na humleta Jumanne asubuhi pia, si Jumamosi tu. Afisi za huduma za umma zinafaa zaidi: mkazi wa Bamburi au Shanzu anayevuka daraja kufuata kitambulisho au cheti kisiwani angeokoa nusu siku.

Njia ya tatu ndiyo inayowatia wenye majumba wasiwasi, nayo huenda ndiyo inayolifaa zaidi eneo hili: kuigawa sakafu kubwa kuwa vibanda vidogo vya kodi nafuu, kwa mkataba mfupi na amana ndogo. Katikati ya Nairobi majengo mengi yamegeuzwa hivyo, na chumba kilichokuwa duka moja sasa kina wauza nguo, mafundi simu na wasusi kumi. Huko London, jumba la Elephant and Castle lililofunguliwa mwaka 1965 lilidharauliwa kwa miongo kadhaa, lakini wafanyabiashara wahamiaji, wengi kutoka Amerika ya Kusini, walikodi nafasi zake za bei nafuu na kulitia uhai hadi lilipofungwa mwaka 2020 ili eneo lijengwe upya. Majumba mengine hayakupata wa kuyaokoa: Randall Park karibu na Cleveland, lililotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani lilipofunguliwa mwaka 1976, lilibomolewa, na uwanja wake sasa ni ghala la Amazon.

Wenye majengo huhofu kwamba vibanda vitafukuza wapangaji wenye nembo. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ugawaji hufaulu zaidi ukiwa kwenye ghorofa moja, wenye mlango wake na usimamizi wa usafi. Kwa mchuuzi wa Kongowea au wa kando ya barabara, kibanda chenye paa, choo na ulinzi ni hatua ya kupanda. Kwa kaunti, ni mchuuzi mmoja aliyepungua wa kufukuzana naye na leseni moja zaidi ya kukusanya.

Barabara na steji

Jambo la mwisho haliko mikononi mwa mwenye jengo. Barabara ya Mombasa hadi Kilifi kupitia Mtwapa imekuwa ikipanuliwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na washirika wake, kama sehemu ya barabara kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Malindi. Ujenzi umekuja na vumbi, njia za kuzunguka na kuondolewa kwa vibanda vya kando.

Barabara pana yenye ukingo katikati hugawa wateja. Mwenye gari anayetoka Bamburi huweza kulazimika kupita jumba, ageuze mbele na kurudi, na wengi hawarudi. Anayeshuka matatu hutazama kama kuna daraja la miguu au itabidi akimbie mbele ya malori. Kwa hiyo maamuzi ya mamlaka ya barabara kuhusu steji, vivuko na sehemu za kugeuzia magari yataathiri mauzo ya majumba yote ya ukanda huo kwa miaka mingi, na wakati wa wenye maduka kuyazungumzia ni kabla saruji haijakauka.